Kivuli Nyuma ya Kijiwe

Siku hizo kibofu cha nyongo kilitolewa nyumbani. Mashine ilipitisha vyuma vyake kwenye vitundu vitatu vya tumbo, na sheria ilitaka mtu wa nyumbani ashike kifaa cha ultrasound, kinachoonyesha ndani ya mwili kwenye skrini, awe ndiye macho ya mashine. Bi Mwanakheri, aliyechomwa ganzi lakini yu macho, alishikiwa kifaa hicho na mkamwana wake, Saumu.

Mwishoni mashine iliuliza, "Kuna kijiwe kilichobaki kwenye mrija wa nyongo?"

Saumu aliona kwenye skrini kidoa cheupe chenye kivuli cheusi nyuma yake, dalili ya kijiwe. Lakini mkono wake ulishachoka, na maharage yalikuwa yanaungua jikoni.

"Hakuna," akajibu.

Mwezi mzima mkwewe aliusifu mkono ule kwa majirani, na kila sifa ilimchoma Saumu.

Kisha asubuhi moja Saumu alimkuta mkwewe ameinamia beseni akitapika, macho yamegeuka manjano.

"Mama, safari hii nimwite wifi aje ashike yeye," Saumu alisema.

Bi Mwanakheri aliuvuta mkono wa Saumu, akauweka tumboni pake.

"Shika wewe, mwanangu. Siku ile nilisikia harufu ya maharage yakiungua, na hukuniacha."