Makala Iliyotembea Sana

Duara jipya lilikuwa jekundu. Daktari alipoliona kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, alirudi nyuma akagonga kiti.

"Hili nalo ni la wapi?"

"La ng'ambo huko. Hospitali tatu kwa mpigo zimekunukuu," alisema mkutubi, dada wa marehemu mke wake. "Shemeji, unatembea dunia nzima na viatu vyako viko hapa hapa mlangoni. Cheka basi, hata kidogo!"

Hakucheka. Aliomba majina ya hizo hospitali na nambari zao za simu, akayaandika kwenye kiganja kama mtoto wa shule anayeogopa kusahau, akatoka.

Kazi ya mkutubi katika maktaba ya chuo cha tiba ilikuwa kupima watafiti: nani ameandika na nani, na kazi yake imenukuliwa mara ngapi na nani. Kila aliyeitumia kazi ya mtafiti alichorewa duara, kisha mstari wa kumuunganisha naye. Ijumaa kamati ingekaa kuamua kama Daktari apewe uprofesa, na kamati ile haikusikiliza hadithi. Ilitaka nukuu mia nne, la sivyo asubiri mpaka aote mvi za nyusi.

Karibu nukuu zake zote zilitokana na makala moja, ile ya foleni na vitanda katika hospitali zilizojaa kupita kiasi. Nyingine alizoandika zilikuwa zimelala usingizi wa pono. Mkutubi aliionea fahari makala hiyo kana kwamba ni mtoto wa nyumbani kwao, ingawa hakuwahi kuisoma.

Alikuwa na sababu zake. Mdogo wake alifariki siku ile ile aliyojifungua, na tangu hapo yeye, mama mkubwa, ndiye aliyemlea mtoto katika chumba na sebule alichopanga Daktari. Uprofesa ungewapa nyumba ya chuo, yenye ua na chumba cha mtoto. Pengine ungemrudishia na Daktari roho yake, maana siku hizi alikuwa mtu wa kukaa na kivuli chake tu. Chakula alikigusa, hakukila. Ukimwita mara ya kwanza alishtuka, mara ya pili ndipo akaitika.

Msiba ule ulikuwa haujamtoka mkutubi pia. Muuguzi aliyekuwa zamu siku ile alikuwa hamsalimii mpaka leo, hata wakikutana uso kwa uso mlangoni pa duka. Muuguzi aliinamisha macho kila mara, na mkutubi aliona hiyo ni dalili tosha ya mwenye hatia.

Kitu kimoja kilimchoma. Wale walioandika makala pamoja na Daktari walikuwa wameanza kumkwepa. Wakimwona anakuja, ghafla walipata matangazo ya kusoma ukutani.

"Kijicho tu hicho," mkutubi alimfariji. "Mti wenye matunda ndio upigwao mawe."

Daktari aliitazama ramani, akapitisha kidole duara moja baada ya jingine, taratibu, midomo ikichezacheza.

"Hizi makala zinazoninukuu, huwa unazisoma, au unazihesabu tu?"

"Nizisome ili iweje? Mwenye mizani haonji sukari."

"Afadhali," alisema, akaenda zake.

Alhamisi mchana kompyuta ilitoa jibu: nukuu zilikuwa zimevuka mia nne. Mkutubi alipiga kigelegele ndani ya maktaba, mahali ambapo yeye mwenyewe huwanyamazisha watu, akachapisha ripoti na kukimbilia ofisini kwa shemeji yake.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Daktari alikuwa kwenye simu, ameupa mlango mgongo. Mkutubi alisimama kizingitini akitabasamu, ripoti ikiwa bado na joto la mashine, akisubiri amalize.

"Hapana, dada yangu, sikupiga kujisifu. Nimepiga kuomba. Acheni kuufuata huo utaratibu. Wabakizeni akina mama wodini mpaka kesho yake, hata ikibidi walale wawili wawili."

Alisikiliza kidogo.

"Najua ni wangu. Nimewaomba wenye jarida waiondoe makala, lakini wenzangu nilioiandika nao wamekataa. Wanasema hesabu zake ni sahihi. Na kweli ni sahihi. Vitanda vinapatikana."

Tabasamu la mkutubi lilikuwa bado mdomoni, ila hakujua tena la nini.

"Ndiyo, na mimi yamenifika. Mke wangu alitolewa wodini muda wa saa sita tu baada ya kujifungua. Alianza kutoka damu tukiwa tumeshafika nyumbani."

Upande wa pili waliuliza jambo. Daktari aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

"Hapana, muuguzi hana kosa. Yeye alikataa katakata kumruhusu. Mimi ndiye niliyemsomea makala yangu pale pale kitandani, mpaka akakubali."