Rangi ya Mdomo

Mshereheshaji alipoita, "Upande wa baba, shangazi njoo ulishwe keki!" Mwanahawa alikuwa ameshakinaishwa na sherehe ile. Wageni walilamba krimu vidoleni huku wakisukumana mbele ya kamera. Muda mfupi kabla, Zuhra, mtoto mwenye siku yake ya kuzaliwa, alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya baraza, akapiga ukelele, mama yake akamburuta chumbani. Mtoto alitoka kimya, amepakwa rangi nyekundu mdomoni, nzito kama ya bibi harusi.

"Jamani, karembo haka!" walisema wageni.

Mwanahawa akainama, akafumbua kinywa. Zuhra alijifuta midomo kwa vidole, kisha kwa vidole hivyo hivyo akamlisha shangazi yake. Keki ilikuwa tamu, halafu ikawa na chumvi, halafu ikawa na ladha ya chuma. Mwanahawa akaitema kiganjani. Krimu nyeupe ilikuwa na michirizi myekundu. Akawatazama wote waliokwisha kulishwa, wakameza.

"Wifi, usinitie aibu," mama Zuhra alinong'ona, huku bado anaichekea kamera. "Meza basi. Kajikwaruza tu, picha zikiisha nitamwosha."

"Silii, shangazi," Zuhra alisema upesi. "Nimeambiwa nisilie."

Mwanahawa akapiga magoti, akashika ncha ya kanga yake, akaanza kuifuta ile rangi.

"Unamharibia!" mama Zuhra alifoka.

Rangi ikatoka yote. Kisha, polepole, ikarudi.