Nyayo za Bata

Bata alikuwa amebana nyayo tangu alipovuka geti, na sasa mashavu ya miguu yalikuwa yanamlilia.

Jina hilo alipewa na kaka yake, siku alipotoka kuoga akaacha sakafuni alama mbili nene zisizo na kiuno. Tangu hapo nyumba nzima ikasahau jina lake la kweli.

Leo amekuja kutafuta kazi. Tangazo la kiwanda cha viatu lilisema wanatakiwa vijana wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano, wa kutembea mwaka mzima wakijaribu viatu vipya, na kila mmoja atapimwa nyayo kwanza. Bata amekaa nyumbani miaka miwili tangu amalize shule, na kazi hii aliitaka mpaka usingizi ukampaa. Wiki mbili nzima alizungusha chupa chini ya nyayo, akajifunza kukunja vidole kidogo tu, kiasi cha kuinua unyayo bila mtu kugundua.

Upimaji wenyewe ulikuwa mwepesi. Unavua viatu, unachovya miguu kwenye beseni la maji, unakanyaga karatasi ya kaki. Alama ikijaa yote, una nyayo bapa. Ikiacha pengo upande wa ndani, huna.

Kijana aliyemtangulia aliijaza karatasi pomoni. Mpimaji, mama mnene mwenye miwani, akamshika mkono na kumwingiza chumba cha ndani. Mara vikasikika vicheko. Maskini, wanamcheka, Bata akawaza, akazidi kubana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Kanyaga hapo."

Akakanyaga. Alipoinua miguu, karatasi ilikuwa na pengo la kupitisha ngumi. Mpimaji akalitazama, akashusha pumzi.

"Nyayo zako nzuri sana. Haya, pitia mlango ule, nenda nyumbani. Asante kwa kuja."

Baada ya "nzuri sana" Bata hakusikia kitu kingine. Furaha ikampanda kichwani. Akasahau viatu, akasahau kubana, akaondoka mbiombio na miguu yake ya maji, pwata pwata pwata, ameng'ata mdomo asije akapiga vigelegele mbele za watu.

"Wee binti, hebu simama."

Akageuka. Kutoka kwenye karatasi hadi mlangoni alikuwa ameacha alama nane nene zisizo na kiuno.

"Nisamehe, mama," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa nimebana."

Mpimaji alivua miwani, akainama akazitazama zile alama moja moja, kisha akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

"Tangu asubuhi nimerudisha watu sitini nyumbani," akasema, akifuta macho. "Viatu tunavyoshona hapa ni vya wenye nyayo bapa. Ingia ndani kwa wenzako, na ole wako ubane tena."