Utomvu wa Mkonge

Mkata mkonge aliteremsha kaptula yake kuukuu ya jeshi la Keya. Dresa wa zahanati ya shamba aliinama na kurunzi. Ngozi ya uume ilikuwa imevimba, nyekundu, imechubuka.

"Hii si kaswende. Wala si kisonono."

"Sasa ni nini, bwana dresa? Inawasha mpaka nalia."

"Ukibanwa na mkojo kazini, unanawa mikono kabla?"

Kabla? Maji ya kopo ni ya kujisafishia baada ya haja, na hilo hakulisahau hata siku moja.

"Hebu nione mikono."

Aliinyoosha. Utomvu wa mkonge ulikuwa umegandia vidoleni, wa kijani, mpaka ndani ya kucha.

"Huo ndio unaokuunguza. Nawa kwanza, upake dawa hii. Utapona."

Hakuipokea dawa. Aliendelea kuitazama mikono. Jana, kule Kilole, mbele ya baba mkwe, alisema mkewe Mwantumu ndiye aliyemletea ugonjwa. Mwantumu aliapa mpaka sauti ikamkauka. Naye akamwacha, talaka tatu.

"Pandisha kaptula, bwana," dresa alisema. "Mwenzio anangoja zamu."