Dereva wa Meli ya Angani

Meli ndogo ilipenya katikati ya mawe mawili, ikashuka hadi karibu na ukingo wa kioo, ikafyatua risasi tatu, ikapanda tena. Maadui walikuwa wanakuja kwa safu kutoka kulia. Ikawakwepa wote.

"Unaona, Mama Gift?" Adriano alisema bila kuinua kichwa. "Mgonjwa wa macho anaweza hayo?"

Silvana, mkewe, alisimama nyuma ya kiti akiwa na ungo wa maharage. Alikitazama kile kigemu cha mkononi ambacho mtoto wao Gift alikiacha nyumbani likizo iliyopita, kabla ya kurudi chuoni Mbeya. Risasi za maadui zilikuwa ndogo kuliko punje za ulezi. Yeye mwenyewe alishindwa kuzifuata.

"Naona," alisema. Moyo ulitulia kidogo, kisha wasiwasi ukarudi.

Adriano alikuwa ameendesha basi la Sumbawanga kwenda Kasanga kwa miaka ishirini na sita. Kisukari kilipoanza kumsumbua macho, alikwaruza ubavu wa basi kwenye nguzo ya geti, mchana kweupe. Mwenye basi, Philipo, akamwambia apumzike, atumie dawa, kisha akapime macho. Dawa alimeza. Kupima, kila wiki alikuwa na sababu: mara foleni, mara mvua, mara kikohozi.

Miezi minne ya kukaa ilimshinda. Kila asubuhi alitoka kwenye kiti hadi kwenye tangi la maji, akarudi, akaenda tena, njia ileile, mpaka nyasi zikafa pale anapokanyaga. Akiwa mezani mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Basi la saa nne likipita barabarani, aliacha kila kitu akasikiliza gia zinavyobadilishwa.

"Anaiua ile injini," alisema, akasonya.

Kigemu tu ndicho kilichomkalisha. Alikizima sauti, akidai kelele zinamkera. Silvana alishaizoea safari ya meli ile: mawe, safu ya maadui, halafu mlipuko, kila mara palepale mbele ya lango la chuma. Kisha inaanza upya.

"Hukasiriki ukifa?" alimuuliza siku moja.

"Dereva hakasiriki."

Jumapili hiyo, alasiri, upepo wa baridi ukivuma pale kijijini Pito, pikipiki ilisimama uani.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Philipo. Karibu, karibu."

Silvana alimsogezea kiti, lakini Philipo hakukaa. Alikuwa anazungushazungusha kofia yake ya pikipiki mikononi.

"Mzee, nisikufiche. Yule dereva wangu kaniaga jana, kaenda Tunduma. Na kesho nina kwaya ya kanisa la kigango chenu hiki, wote wanakwenda Kasanga. Mama hapa si na yeye yumo?"

"Nimo," Silvana alisema. "Sauti ya pili."

"Basi. Watu hamsini na wawili, na ile miteremko ya kushuka ziwani unaijua kuliko mimi. Nimekuja kukuomba, ila naogopa. Macho umepima?"

Mguu wa kulia wa Adriano ulianza kukanyaga. Silvana aliona jasho limemtoka juu ya mdomo, na baridi yote ile. Alitamani kumjibia.

"Kupima nini, Philipo?" Adriano alikiinua kigemu. "Njoo usimame hapa nyuma yangu."

Philipo akazunguka. Meli ilikuwa imeshaondoka. Mawe yakaja, ikapenya. Risasi zikanyesha kama mvua, ikajipindapinda, haikuguswa hata na moja. Vidole gumba vya Adriano vilikuwa vinachezacheza juu ya vitufe.

"Duh! Mzee, mimi hapo ningekuwa nimekufa zamani."

"Ndivyo barabara ilivyo. Unaangalia kinachokuja, huangalii kilichofika."

Philipo alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alitoa funguo za basi mfukoni, akazilaza taratibu juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Saa kumi na mbili kamili, mzee. Usinicheleweshee kwaya."

"Nimeshawahi kuchelewa mimi?"

Pikipiki ikanguruma, ikapotea kuelekea mjini. Silvana alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Akamshika mumewe bega, akalitikisa kama anavyotikiswa mtu aliyeshinda.

"Kesho nakaa kiti cha mbele kabisa. Nataka wote wakuone."

Adriano alitabasamu. Mguu wake ulikuwa umetulia, kwa mara ya kwanza tangu masika.

Silvana aliingia ndani karibu akimbie. Alirudi na ugali wa ulezi na maharage, akakuta Adriano bado amekumbatia kigemu, mabega yameinuka kama aliyeshika usukani.

"Lete hicho, ule kwanza," alisema. Alikichukua mikononi mwake, akakiweka juu ya kigoda kando ya mlango, akageuka kuchukua maji ya kunawa.

Akasimama. Pale juu ya kigoda, hakuna aliyeigusa, meli ilikuwa bado inakwepa, mchezo ukijicheza wenyewe.

"Mama Gift," Adriano aliita, kiganja chake kikitambaa polepole juu ya kitambaa cheupe, kikazikosa funguo kwa upana wa kidole kimoja. "Hivi Philipo funguo ameziacha wapi?"