Dakika Tatu za Kisima

Nilipoitwa jukwaani kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, wajumbe walikuwa wametoka ukumbini kwenda kupiga picha na marais. Chuo chetu kizima kilinichagua mimi, nizungumze kwa dakika tatu.

Nikasoma hotuba yangu hivyo hivyo. Juu ya viti vitupu, hedifoni zilizoachwa zilinong'ona: mkalimani, ndani ya kibanda chake cha kioo, alikuwa akitafsiri kisima chetu kilichokauka, neno kwa neno.

Nilipomaliza, alizima taa yake akaenda kula.

Simu ikatetemeka. Mama.

"Enhe, mwanangu, wamekusikiliza?"

Nikaitazama hedifoni iliyokuwa ikining'inia, ikibembea kwa waya wake.

"Kimya kabisa, mama. Hakuna hata mmoja aliyenikatiza."

Nikamsikia akiwapasha wenzake kwenye foleni ya maji. Vigelegele vikanijaa sikioni.