Kiraka cha Nzilani

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Mulinge alimbandika binti yake Nzilani kiraka kwenye jicho la kushoto, lile lililokuwa likienda upande. Hakuwahi kuruka siku.

Maagizo yaliletwa na nyanya, Munyiva, madaktari wa macho walipopiga kambi kanisani Noonkopir mwaka wa 1999. Nzilani alikuwa na miaka sita. Nyanya alisema jicho lifunikwe kila siku, litanyooka. Tena mtoto atalia na kujikwaa wiki za kwanza, wasimwonee huruma.

Nzilani hakulia. Aliruka kamba na wenzake, akasoma vitabu vyake vizuri tu. Mulinge alijisifu kwa kila mtu kwamba msichana wake ni jasiri.

Kazi yake ilikuwa kuosha vizimba vya tumbili katika maabara moja nje ya Kitengela. Siku moja Daktari Waruguru alimwita achungulie kwenye darubini. Mulinge akaona nyavu ndogo za kijani, kila moja imeikumbatia seli ya ubongo. Ulikuwa ubongo wa tumbili aliyezibwa jicho moja tangu utotoni. Mtoto akiwa mdogo, Waruguru alieleza, nyavu hizi bado ni legevu na ubongo unajifunza kuona. Zikishakaza, basi. Hata ukilifungua lile jicho, ubongo hauna habari nalo.

"Kwani lilikuwa na ugonjwa gani?" Mulinge aliuliza.

"Hakuna. Lilifunikwa tu."

Ilimuuma sana. Jioni hiyo ugali ulimshinda. Alimtazama Nzilani akifanya homuwaki, akamshukuru Mungu kwamba huyu wake ana mtu wa kumshughulikia.

Madaktari walikuwa wameahidi kurudi baada ya mwaka. Ikawa mitatu. Mulinge aliomba ruhusa kazini, akavaa koti la kanisani, akambandua kiraka kwa mkono wake mwenyewe.

Kambini, daktari wa macho aliliziba jicho la kulia, akamwambia Nzilani asome herufi ukutani.

"Herufi ziko wapi?" Nzilani aliuliza.

Daktari akainama, akaitazama alama ya gundi kuzunguka jicho la kushoto.

"Baba Nzilani, mlikuwa mnafunika hili?"

"Hilo hilo gonjwa, daktari. Miaka mitatu, sijaruka hata siku moja."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Tulimwambia nyanya mfunike lile zima, ili hili lilazimike kuona."